Ukumbi wa Kyarutare usipewe jina langu

Jumatano. Kibeta, Bukoba mjini. Mvua ndogo tangu alfajiri, na ukungu umeshuka mpaka kwenye migomba ya jirani.

Nina miaka themanini na tisa. Nimewazika wake zangu wawili, Mungu awarehemu, na ndugu zangu wote wa tumbo moja. Mukama wa mwisho, mfalme wetu niliyempigia magoti, amekwenda, mimi nipo. Vita vya mpakani vimepita, mnyauko wa migomba umepita, mapaa mawili ya bati yameoza juu ya kichwa changu, mimi nipo. Daktari mmoja aliniambia nimebakiwa na miezi sita. Huyo nilikwenda kumzika, nikasimama mbele kabisa ya kaburi, ili anione.

Naandika kwa kidole kimoja. Shule yangu ni kisomo cha watu wazima, kwa taa ya karabai, nikiwa na ndevu tayari. Mjukuu wangu Adventina ndiye aliyenifungulia ukurasa huu ili niache kumpigia simu kazini kila nikikumbuka jambo. Basi siku hizi nakumbukia hapa.

Leo sina raha.

Jumapili mwenyekiti wa kijiji cha Kyarutare, kule Muleba nilikozaliwa, alinipigia simu. Ukumbi mpya wa mikutano umekwisha, bado kuandikwa jina. Wamekaa, wamekubaliana uitwe Ukumbi wa Mzee Projest, kwa sababu mimi ndiye niliyesimama katika Bunge Dogo nikaivunja nyarubanja ya pale kwetu. Jumamosi fundi anaandika, kwa rangi ya kijani.

Nisijifanye nilishangaa. Jina hilo nimeliomba miaka mitatu. Nimeliomba kwa mdomo, nimeliomba kwa barua, nimeliomba kwa kununa.

Lakini tangu simu hiyo, kila nikijilaza mchana baada ya chakula, namwona Ma Kokuhirwa, jirani yangu wa zamani kule Kyarutare. Amebeba kigoda chake kichwani, na ziwa limepanda milima mpaka mlangoni pa ghala la kahawa, na yeye anatembea juu ya maji polepole, wala halowi. Nikimwita hageuki. Nikiamka sijui kama nimeita kwa sauti au kwa moyo.

Mwanamke huyo amekufa zamani. Sikuwahi kumwota alipokuwa hai.

Acha nieleze tangu mwanzo, maana wengi mnaonisoma mmezaliwa mmekuta kila mtu anasema "kibanja changu" kama vile neno hilo liliumbwa pamoja na migomba.

Haikuwa hivyo. Zamani kwetu kulikuwa na mabwana wa ardhi, na ardhi yao ikiitwa nyarubanja. Wewe unalima, unapanda kahawa, unazika wazee wako humo, lakini kibanja ni cha bwana. Baba yangu alipokamua ndizi akapata pombe ya rubisi, kibuyu cha kwanza kilikwenda kwa bwana kabla povu halijatulia. Kibuyu kilichelewa siku moja tu, na baba alipiga magoti kwenye matope mbele yangu, mimi nikiwa na akili za kutosha kuona aibu. Bwana mwenyewe alikuwa Mzee Kyaruzi. Mrefu, kanzu nyeupe, sauti ya chini. Hakuwahi kupiga mtu. Alikuwa anakutazama tu, unajikuta umeshapiga magoti.

Uhuru ulipokuja ulikuwa unanuka upya kama kitambaa cha dukani. Halafu tukasikia kwamba Dar es Salaam wanaandaa sheria moja kubwa ya kugeuza mambo yote. Sisi tuliiita Muswada Mkubwa. Humo ndani machifu kuondoka, humo nyarubanja kufutwa, wanawake kuketi barazani, watu kulima shamba la pamoja, hata kuitana ndugu. Mwalimu Elieza, Mlutheri wa shule ya msingi, alikuwa na karatasi za muswada huo, sijui alizipata wapi. Aliposoma kwa sauti jioni ya kwanza, nakumbuka watu walinyamaza kama wanaosimuliwa nchi ya mbali, nchi isiyo na mvua ya mawe wala msiba. Nami niliiona ile nchi. Naapa niliiona. Ilikuwa na migomba ileile na ukungu uleule, ila watu wake walikuwa wamenyooka migongo.

Mwalimu akasema: kabla wakubwa hawajaamua huko, sisi tuamue hapa. Ndipo tukaunda Bunge Dogo la Kyarutare. Wabunge ishirini na mmoja, ndani ya ghala la kahawa la ushirika, spika Mwalimu Elieza, viti magunia ya kahawa. Hakuna serikali iliyotutuma. Tulijituma.

Mimi nilikuwa mbunge kijana kuliko wote, na msemaji kuliko wote. Sikujua kusoma, lakini kifungu nikisomewa mara mbili nilikuwa nacho kichwani mpaka kesho. Mwalimu mwenyewe akisahau alikuwa ananigeukia mimi. Hilo ni la kweli, sijaongeza chumvi.

Mbunge wa ishirini na moja alikuwa Ma Kokuhirwa. Mjane wa makamo, mpangaji wa Kyaruzi kama mimi, ana binti wawili na kibanja chembamba kilichopakana na changu. Mwalimu alimtaka kwa kuwa muswada ulikuwa na kifungu cha wanawake, akasema hatuwezi kujadili habari za watu ambao hawamo. Wazee wakaguna. Nami niliguna, tena kwa nguvu. Akaja na kigoda chake kutoka nyumbani, maana magunia yalikuwa ya wanaume.

Tulijadili wiki nzima, alasiri baada ya kazi za shamba. Sijapata tena maishani mwangu alasiri kama zile. Nje kahawa ilikuwa imechanua, harufu inaingia kwenye madirisha ya nondo, mtu anaongea habari za kodi na wewe unahisi anaongea habari za peponi. Kifungu cha machifu, mzee mmoja aliuliza chifu akiondoka mvua italetwa na nani. Pastory, karani wa kuhesabu, rafiki yangu wa utotoni, akamjibu, "Kwani huyu aliyepo alileta lini, Taata? Sisi tunanyeshewa hata akiwa safarini." Kifungu cha kuitana ndugu kilichukua siku nzima, kwa sababu Mzee Kyaruzi, ambaye naye alikuwa mbunge, alikataa katakata.

"Ndugu wa nani?" akauliza. "Mama yangu alizaa watano. Huyu Projest hayumo kwenye hesabu."

Watu walicheka, na mimi nilicheka, halafu nikakasirika nikiwa njiani kurudi nyumbani.

Ikaja siku ya kifungu cha nyarubanja.

Hapo mchezo ulikwisha. Sheria ya Dar es Salaam ilikuwa bado mbali, na kila mtu alijua Kyaruzi alikuwa ameshawapa taarifa wapangaji wake sita, mimi na Ma Kokuhirwa tukiwamo, tuondoke kabla sheria haijafika, ili imkute na ardhi tupu na mikono misafi. Mke wangu wa kwanza alikuwa mjamzito wa miezi saba. Baba alikuwa amelala hatua kumi kutoka mlangoni pangu, chini ya mgomba alioupanda mwenyewe.

Mwalimu Elieza akamuuliza Kyaruzi mbele ya Bunge zima: ukishindwa hapa, utatii? Kyaruzi alizungusha macho. Alihesabu jamaa zake, akahesabu waliomwogopa, akaona anazo kura za kutosha. Akasema kwa sauti ile ya chini, "Neno la baraza ni neno langu. Likisema wakae, watakaa, na sitadai kibuyu tena. Likisema waondoke, wasinililie."

Nilisimama. Wacha nijisifu hapa, ni mara ya mwisho. Nilisema mpaka jua likahama dirisha la kwanza likaenda la tatu. Nilitaja kila mgomba kwa jina lake. Nilitaja vibuyu vyote baba alivyopeleka, na magoti yake. Mwishoni nikamgeukia Kyaruzi mwenyewe.

"Mzee, baba yangu yumo humo. Ukinitoa, nimbebe begani?"

"Mwache," akasema Kyaruzi. "Yeye hali ndizi. Simtozi."

Ghala zima lilicheka mpaka vumbi la kahawa likapanda. Lakini niliona wazee wawili hawakucheka. Walikuwa wanatazama chini, nikajua nimewapata.

Sasa kura. Kunyoosha mikono isingewezekana, nani anyooshe mkono Kyaruzi anamtazama? Mwalimu alikuwa amefikiri. Kila mbunge alipewa vitu viwili: kahawa moja ya kutafuna, yaani akamwani, ile iliyochemshwa na majani ikakaushwa, na haragwe moja jeupe. Unapita nyuma ya mkeka uliotundikwa kwenye kona, kuna kibuyu chenye mdomo mpana. Unayetaka wapangaji wakae unatumbukiza kahawa. Usiyetaka, haragwe. Kinachobaki unakiweka mfukoni, unatoka na uso wa kawaida. Kahawa ndiyo ilichaguliwa iwe "ndiyo" kwa sababu kwetu kahawa ni amani. Undugu wa kuchanjana hufungwa kwa kahawa, na mgeni akiingia, kabla ya maji, anapewa kahawa.

Mwalimu alikuwa na akili nyingi, lakini hilo alilikosea. Kahawa ya kutafuna huwezi kumpa Mhaya mkononi ukamwambia aishike tu.

Tulipanga mstari. Mimi nilikuwa karibu na mwisho, na nyuma yangu Ma Kokuhirwa. Nilikuwa bado naelea. Mtu aliyesema maneno mazuri mbele za watu hulewa bila pombe, nanyi mliowahi mnajua. Nilikuwa nasikia sauti yangu ikirudi kutoka kwenye bati, naona mwanangu ambaye hajazaliwa anakimbia kwenye kibanja chake mwenyewe, na kahawa imechanua kila upande mpaka macho yanauma kwa weupe.

Mzee Kyaruzi akaja akasimama mbele yangu.

Alikuwa anatafuna. Ile kahawa yake ya kura alikuwa ameitia mdomoni, maana yeye hakuihitaji, yeye alikuwa mtu wa haragwe. Akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani mwake akanisalimu kwanza yeye.

"Umesema vizuri leo, ndugu."

Ndugu! Kyaruzi! Na anatafuna, na mimi nimeshika kahawa mkononi. Mnaelewa? Mkubwa wako akitafuna mbele yako nawe unayo, ukibaki umeikunja ngumini, umemwambia kwa vitendo kwamba unamshuku ana sumu. Mkono wangu haukuniuliza. Ulipanda wenyewe mpaka mdomoni. Nilitafuna, nikainamisha kichwa, nikasema, "Asante, waitu," yaani bwana wangu.

Akatikisa kichwa taratibu, akaenda zake.

Ndipo uchungu wa kahawa ulipofika kwenye koo nikaamka.

Nimeulizwa mara nyingi ni nini kilichonitisha zaidi katika miaka yangu yote. Huwa nasema mizinga ya vita. Si kweli. Ni pale niliposimama nyuma ya ule mkeka, kibanja changu kipo, kaburi la baba lipo, mke wangu yupo na tumbo lake, na mfukoni nina haragwe moja tu.

Nilitazama chini. Ghala la kahawa haliishiwi kahawa. Kwenye nyufa za sakafu zilikuwamo za maganda, mbichi za kupelekwa kiwandani, zilizodondoka kwenye magunia. Niliokota moja. Ilikuwa kubwa kuliko za kura, kavu, nyepesi, na hata kipofu angeijua kwa vidole kwamba si yenyewe. Nikaitumbukiza. Nikatoka na uso wa kawaida.

Pastory akamwaga kibuyu juu ya jani la mgomba, akahesabu. Haragwe kumi. Kahawa kumi za kutafuna. Na moja ya maganda, imekaa katikati kama mgeni asiyejulikana ukoo.

Halafu pakawa kelele. Jamaa za Kyaruzi wakasema hiyo si kura, ni takataka za sakafuni. Wengine wakasema kahawa ni kahawa. Mwalimu Elieza akagonga gunia, akasema kuna njia moja tu: aliyeitia asimame aeleze alikusudia nini. Asiposimama, haihesabiwi. Basi itakuwa kumi kwa kumi, na ikiwa sare mambo yanabaki kama yalivyo. Maana yake tunaondoka.

Nilipaswa kusimama.

Nilipaswa kusimama nikasema: mimi Projest, niliyesema toka dirisha la kwanza mpaka la tatu, nimeisahau nchi yangu yote kwa sababu bwana ameniita ndugu. Miguu ilikataa. Nisiwaongopee kwamba nilipigana nayo sana. Niliona nyuso zile zilizokuwa zikinitazama kama mtu, nikaona zitakavyogeuka. Nikakaa. Niliona afadhali kupoteza kibanja kuliko kuchekwa. Hivi ndivyo nilivyokuwa, na sijui kama nimebadilika sana.

Akasimama Ma Kokuhirwa.

"Ni yangu," akasema.

"Yako vipi?" akauliza spika.

"Ile mliyonipa niliitafuna, Mwalimu. Mzee Kyaruzi alipita kwenye mstari anatafuna mbele yetu. Mimi ni nani nisimame mbele ya mkubwa nimefumba kahawa mkononi? Nikatafuna. Nilipofika kule nikaokota nyingine. Nilikusudia tukae. Kama nimekosa, ni kosa la adabu."

Alisema hivyo huku akimtazama Kyaruzi, si mimi. Na Kyaruzi alijua. Alijua nani alitafuna mbele yake, kwa kuwa alisimama karibu nami kuliko mtu yeyote. Lakini angesema nini? Akisema "si yeye, ni Projest," ataulizwa alikuwa anatafuta nini kwenye mstari. Yule mama alikuwa amemfungia mlango na kuuegemea.

Mwalimu akaamua: kahawa ni kahawa, na mwenye nayo amesema nia yake. Kumi na moja kwa kumi. Tunakaa.

Sikumbuki nilivyofika nyumbani. Nakumbuka tu watu wamenibeba, naona matawi ya mitoma yanapita juu yangu, na wananiimba jina. Nilijua ni uongo, nao ulikuwa mtamu.

Sasa nafika ninapopaogopa.

Alasiri iliyofuata kilikuwa kifungu cha wanawake kuketi barazani. Mzee Kyaruzi akasimama wa kwanza. Alikuwa ameshindwa jana, leo akataka cha kwake.

"Waheshimiwa," akasema, "ya nini kubishana? Tumewajaribu, tumeona. Mwanamke ukimpa kura anaila."

Walicheka mpaka mzee mmoja akashikwa na kwikwi. Mwalimu akajaribu kutetea, sauti yake ikazama. Safari hii hawakutaka kibuyu, walitaka mikono. Wanaosema wanawake wasiketi, wanyooshe.

Mikono ikapanda. Nami nikanyoosha wangu.

Kwa nini? Nimejiuliza miaka yote. Nilijiambia kwamba nisiponyoosha watashuku. Nilijiambia kwamba yeye mwenyewe amependa kusema. Lakini nadhani ni jambo dogo na baya zaidi: sikutaka kumwona pale kila alasiri ananitazama.

Ma Kokuhirwa alihesabu mikono kwa macho, akafika kwangu, akapumzika hapo kidogo. Hakukasirika. Alikuwa kama mtu anayetazama mvua na kukadiria itakatika lini. Halafu akainuka, akakibeba kigoda chake kichwani, akatoka. Nje ulikuwa umeshuka ukungu kama wa leo, akaingia humo, kikabaki kigoda, kisha hata kigoda hakikuonekana.

Kyaruzi alilishika neno lake. Hakuna aliyeondolewa. Sheria yenyewe ilipofika kutoka Dar es Salaam ilitukuta tumeshaamua, na wanawake wakaruhusiwa kuketi barazani upende usipende. Walimwita aje. Hakuja. Kwa sababu wakati huo alikuwa hana jina tena. Kijiji kizima kilimwita Mla Kura. Watoto walimwita hivyo kisimani. Mabinti zake walipoposwa, wakwe walitaniwa: mnakwenda kuoa kwa Mla Kura, fungeni midomo ya magunia.

Alilibeba jina hilo mpaka kaburini, na mimi nikabeba lake.

Mara moja tu aliwahi kuniambia kitu. Tulikutana kwenye mpaka wa vibanja vyetu, mimi nafyeka, yeye ana mkungu kichwani. Nikamsalimu kwa heshima zote, "Habari za leo, Ma Kokuhirwa." Labda nilikuwa mtu pekee asiyemwita lile jina lingine. Akasimama.

"Projest, meno yako bado mazima?"

"Mazima, Maawe."

"Yatunze," akasema. "Yamekula vizuri."

Akaenda zake akicheka kidogo, si kicheko kibaya. Nilibaki nimeshika panga nafyeka palipokwisha kufyekwa.

Sikuwahi kumuuliza alifanya vile kwa ajili yangu au kwa ajili ya kibanja chake na mabinti zake. Labda kwa ajili ya vyote. Labda aliona tu kwamba wanaume ishirini wameketi kwenye magunia na hakuna hata mmoja wa kusimama.

Leo mchana nilijilaza tena. Akaja tena, maji yaleyale, kigoda kilekile. Safari hii niliharakisha, nikamfuata mpaka kizingitini, na nilipotaka kuweka mguu juu ya maji nikaona siwezi, nitazama, mimi ni mzito. Nikaamka. Mvua ilikuwa bado inasema na bati.

Nikachukua simu, nikampigia mwenyekiti.

"Mzee! Ndiyo kwanza nilitaka kukupigia, fundi anauliza Projest inaandikwa na herufi ngapi."

"Mwambie asiandike. Aandike Kokuhirwa."

"Nani?"

"Ma Kokuhirwa."

"Yule... Mla Kura?"

"Huyo."

Akacheka, akadhani nimechanganyikiwa, nikamsikia anamwambia mtu pembeni kwamba mzee leo amelewa mapema. "Mzee, rangi imeshanunuliwa."

"Rangi haina jina. Mtaitumia ileile."

"Na watu wakiuliza kwa nini? Tuseme nini? Ninyi wazee mlitupa historia moja miaka sitini, leo mnatupa nyingine."

"Waambie mla kura nilikuwa mimi."

Hapo hakucheka. Alisema atawaita wajumbe kesho asubuhi. Nikamwambia awaite hata kumi, mimi sibadiliki. Mnanijua. Nilikaa na uongo wangu miaka sitini bila kuutikisa, na kweli nitakaa nayo hivyohivyo kwa siku zilizobaki. Tena wakiandika langu nitakwenda mwenyewe na kopo la chokaa, mguu mbaya na yote.

Nimeandika tangu saa nane, kidole kimekufa ganzi. Sijui kama nimejisikia mwepesi. Watu husema ukitubu unakuwa mwepesi. Mimi najisikia kama kibanja kilichofyekwa, uwazi tu, na baridi inapita.

Mtasema mzee anaota. Haya, mashahidi. Wa kwanza ni Pastory aliyehesabu kura. Yupo Rubafu kwa mwanawe, hasikii vizuri, mpigieni kelele. Nilimpigia jioni hii nikamweleza yote, akaniambia kwamba alijua siku ileile, kwamba mdomo wangu ulinuka kahawa nilipomwinamia kutazama hesabu, na kwamba alikuwa anangoja tu nife ili asilazimike kunidharau uzeeni. Hivyo ndivyo alivyosema, rafiki yangu huyo.

Wa pili ni Stella, binti mdogo wa Ma Kokuhirwa. Ana duka la vitambaa Rwamishenye, miaka mingi nimekuwa nikivuka barabara ili nisipite mlangoni pake. Yeye anaweza kuwaambia mama yake alikuwa mtu wa namna gani, na aliitwa nini, na aliumia vipi. Mwulizeni. Ila naomba msimwulize kabla ya kesho saa nne asubuhi. Nataka alisikie kwanza kinywani mwangu.